Siku 30 za Kuutetea Mwamba: Mwongozo Kamili kwa Wakazi wa Visiwani

Nimesoma barua nyingi za kupinga miradi ya pwani kutoka visiwa vyetu vya Kenya, kuanzia Pate hadi Wasini. Zina uchungu wa kweli, zina saini mia na zaidi, na karibu zote zina kasoro zilezile. Zimepelekwa kwa mheshimiwa badala ya ofisi inayotoa leseni. Zimefika muda umeshapita. Na hazisemi ni mwamba upi utakaofunikwa na tope, nani anavua hapo, na msimu gani.

Mwongozo huu unashughulikia hayo matatu. Unafuata sheria za Kenya. Ukiwa Unguja, Pemba au Mafia, hatua za ramani na vipimo zitakufaa, lakini ofisi na siku za huko ni nyingine. Usinakili tarehe za huku.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari la jalada gumu, kurasa zimeandikwa nambari kwa kalamu. Karatasi zilizolegea hupotea, na mahakamani mtu ataweza kudai umezichomeka baadaye.
- Simu moja yenye kamera na GPS, tarehe na saa zikiwa sahihi.
- Karatasi kubwa nyeupe na kalamu za rangi kwa ajili ya ramani.
- Kifuniko cheupe cha ndoo, kamba yenye fundo kila nusu mita, na jiwe au risasi ya mshipi.
- Fremu ya mraba ya nusu mita kwa nusu mita, iliyotengenezwa kwa bomba la plastiki.
- Nakala ya cheti cha BMU yenu, yaani kikundi cha kusimamia ufuo na uvuvi wake, na orodha ya wanachama wake.
- Kalenda ya ukutani. Msiidharau, ndiyo silaha ya kwanza.
- Watu watano wa kutegemewa: nahodha mzee, mama anayekwenda pweza, kijana wa simu, mtu anayeandika Kiswahili safi, na mtu anayesoma Kiingereza cha ofisini bila kukimbia kurasa.

Wakili hayumo katika orodha ya mwanzo. Atahitajika baadaye, na atakufaa zaidi ukimpelekea faili iliyojaa kuliko malalamiko matupu.

## Hatua ya 1: Pata ripoti nzima

Mradi mkubwa wa pwani, uwe bandari, mtambo wa umeme au kuchimba sakafu ya bahari, hauruhusiwi kuanza bila leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya kusimamia mazingira. Leseni hutolewa baada ya ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, ile ambayo kila mtu huiita EIA. Ripoti ikishawasilishwa, NEMA hutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika magazeti ya kawaida, ikiwaalika wananchi watoe maoni. Kwa kawaida tangazo hutoa siku 30.

Siku ileile unayoliona tangazo, fanya mambo mawili. Nenda ofisi ya NEMA ya kaunti uombe kuisoma ripoti, maana tangazo lenyewe hutaja mahali inapopatikana. Kisha andika barua ya kuomba nakala kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Sheria hiyo inakubali ombi la Kiswahili, na afisa ana siku 21 za kujibu. Hesabu mwenyewe: ukichelewa siku kumi kuandika, jibu laweza kukufikia muda wa maoni umeshakwisha.

Tahadhari. Usiridhike na muhtasari. Muhtasari huandikwa ili upendeze. Unachotafuta ni viambatisho vya mwishoni: picha, vipimo vya maji, mihutasari ya mikutano na karatasi za mahudhurio. Mara nyingi kosa kubwa la ripoti limelala humo.

Jambo jingine huwaponyoka wengi. Miradi inayohesabiwa kuwa na hatari ndogo au ya wastani hupita kwa ripoti fupi, na tangazo la gazetini huenda usilione kabisa. Gati binafsi na kuta za ufukoni mara nyingi huingia kwa mlango huo. Kwa hiyo mtu mmoja kati ya wale watano apite ofisi ya NEMA ya kaunti mara moja kila mwezi aulize maombi mapya yaliyopokelewa, hata kama hakuna fununu yoyote.

Umefaulu ukiwa na ripoti kamili pamoja na viambatisho, na nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

## Hatua ya 2: Tundika siku ukutani

Andika kwa kalamu nyekundu:

- Siku ya tangazo, na siku ya 30 tangu hapo: mwisho wa maoni. Jiwekee siku ya 25 iwe mwisho wako.
- Siku 21 tangu ombi lako la habari. Wakikaa kimya au wakikunyima, peleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki za Kiutawala, ofisi ambayo watu huiita Ombudsman.
- Siku leseni ilipotolewa, ikitolewa, na siku ya 60 tangu hapo: mwisho wa kukata rufaa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira, yaani NET.

Hizo 60 hazingoji mvua, Ramadhani wala uchaguzi. Kituo cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa kujengwa Kwasasi, Lamu, kilipewa leseni Septemba 2016. Save Lamu, muungano wa vikundi vya wakazi, na wenzao walikata rufaa Novemba mwaka huohuo, na tarehe 26 Juni 2019 jopo likaifuta leseni. Wangepeleka karatasi Januari, huenda leo tungekuwa tunajadili moshi.

## Hatua ya 3: Chora bahari kama mnavyoijua nyinyi

Hapa ndipo pa kutumia nguvu nyingi. Ramani za washauri wa mradi huonyesha bahari kama uwanja mtupu wa rangi ya samawati. Mkiacha ramani hiyo iwe ndiyo pekee, mmeshakubali kwamba hapo hapana kitu.

Waiteni manahodha na wazee siku ya maji mafu, wakati wengi wako nyumbani. Tandika karatasi kubwa sakafuni. Anza na vitu visivyobishaniwa: msikiti, mnara, mlango wa bahari, kisiwa cha jirani. Kisha kila mmoja ataje miamba kwa majina yake, vilindi, mahali pa malema, mahali pa nyavu, njia za mashua wakati wa kusi na wakati wa kaskazi. Andika majina kama yanavyotamkwa. Jina la mwamba ambalo babu na mjukuu wanalijua ni ushahidi wa matumizi ya miaka mingi.

Baadaye fanya kikao cha pili na akina mama peke yao, na kifanyike hata kama wanaume wanasema kila kitu kimeshachorwa. Vikao vya BMU hujaa wenye vyombo na mitego. Wanaokwenda kwa miguu bamvua kutafuta pweza, chaza na kaa hawana mashua, na hivyo hawaonekani. Lakini maji ya kupwa ndiyo yanayokumbwa kwanza na ukuta, gati na tope. Nimeona ramani ambayo ufuo mzima ulikuwa mweupe hadi akina mama walipoketi, na kufikia saa sita mchana hapakuwa na nafasi ya kuweka kidole.

Baada ya hapo, kijana wa simu apande mashua na nahodha wakachukue alama za GPS za kingo za kila eneo.

Tahadhari. Mvuvi ana siri zake, na ana haki nazo. Ukiweka nukta kamili ya kila mwamba wenye kamba mawe, umewapa ramani hata wezi wa bahari. Chora maeneo kwa miraba mikubwa, tuseme ya kilomita moja kwa kilomita moja, na alama kamili zibaki ndani ya daftari la BMU.

Usisahau mpaka wa ardhi. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Nenda ufukoni bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, upige picha mahali yalipofika, ukiwa na kitu kisichohama ndani ya picha: mbuyu, nguzo, pembe ya ukuta. Rudi maji yakipwa upige tena ukiwa umesimama palepale. Anayejenga ukuta ndani ya mstari huo amejenga juu ya ardhi ya umma, hati yake iseme lisemalo.

Umefaulu ikiwa mgeni anaweza kuishika ramani yenu, akaulinganisha mchoro wa mradi nayo, na akakuambia bila kuuliza ni kazi za nani zitakazokatika.

## Hatua ya 4: Pima kabla hawajaanza

Tope likishamwagika, kila mtu atasema bahari ilikuwa na tope tangu zamani. Kipimo cha leo ndicho kitakachombana.

Uangavu wa maji. Paka kifuniko cha ndoo rangi nyeusi na nyeupe kwa robo nne zinazopishana, funga uzito chini na kamba katikati. Shusha upande wa mashua wenye kivuli, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Andika kina kinapopotea machoni, kisha vuta polepole uandike kinapoonekana tena. Wastani wa viwili hivyo ndio kipimo chako. Pima pale pale, hali ileile ya maji: ukipima leo bamvua na wiki ijayo maji mafu, unalinganisha embe na nazi. Wazee hawahitaji karatasi kujua maji ya leo, lakini wewe andika siku ya mwezi mwandamo pamoja na tarehe ya kawaida.

Nyasi za baharini. Maji yakipwa, tupa fremu mara kumi kwenye mstari wa mita hamsini, piga picha kutoka juu, na kadiria ni sehemu gani ya fremu imefunikwa.

Samaki. Chagua vyombo vitano. Kila siku vikirudi, andika aina ya mtego, wavuvi wangapi, saa ngapi baharini, kilo ngapi, samaki gani zaidi. Kilo peke yake haisemi kitu; kilo kwa saa na kwa mtu ndiyo inayosema.

Mkiweza, endeleeni hadi mpate kusi na kaskazi zote mbili. Ripoti nyingi hupima wiki chache za msimu mmoja kisha husema bahari iko hivi mwaka mzima. Mkiwa na misimu miwili, mna kitu ambacho mshauri aliyelipwa hana.

## Hatua ya 5: Isome ripoti ukiwa na kalamu

Usiisome kuanzia mwanzo. Anza na maswali haya, na kila jibu liandikie nambari ya ukurasa:

Tope litakalochimbwa litamwagwa wapi, na mkondo wa hapo unaelekea wapi wakati wa kusi? Maji ya joto, chumvi au taka yatatokea bomba lipi? Je, mikoko imehesabiwa? Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, kwa hiyo ripoti inayoitaja kwa sentensi mbili inajitangaza yenyewe. Maji matamu yatatoka wapi? Mji wa Amu unategemea maji yaliyohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Anayegusa mchanga huo amegusa visima. Je, mahali pengine pa kujenga palichunguzwa kweli, au palitajwa tu ili kisanduku kijazwe? Na kama mambo yakiharibika, nani atapima, kwa fedha za nani?

Kisha nenda kwenye mikutano. Kanuni za tathmini za mwaka 2003 zinataka mabango katika maeneo yanayohusika, tangazo la gazeti na redio, na angalau mikutano mitatu na watu watakaoathirika. Linganisha tarehe. Mikutano ilifanyika kabla ya utafiti au baada ya matokeo kujulikana? Katika kesi ya makaa ya Lamu, jopo liliona vikao vilivyofanyika vilikuwa vya utangulizi tu, kabla ya watu kuonyeshwa athari zenyewe, na hilo lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoiangusha leseni. Leseni ya mtambo wa megawati 1,050 ilianguka kwa sehemu kwa sababu ya tarehe za mikutano.

Mwisho, pitia karatasi za mahudhurio jina kwa jina mkiwa na mzee wa mtaa. Marehemu aliyetia saini, mtu aliyekuwa safarini, jina moja kwa mwandiko mmoja mara tatu: andika yote.

## Hatua ya 6: Kwenye mkutano wa hadhara

Nendeni. Kususia kunaacha kiti wazi, na kiti hicho hujazwa na mtu wa kusifu mradi.

Lakini saini ya mahudhurio ina tabia ya kugeuka kuwa saini ya kukubali. Pembeni mwa jina lako andika kwa mkono wako: *nimehudhuria, sijakubali mradi*. Kisha piga picha ukurasa wote. Nauli na soda utakazopewa si dhambi, ila ukisainia pesa, soma kichwa cha karatasi kwanza.

Dai mambo yaelezwe kwa Kiswahili. Kama mshauri anasoma slaidi za Kiingereza kwa watu wa Kizingitini, simama useme hivyo kwa sauti, na katibu wenu aandike dakika uliposema. Mwishoni omba nakala ya muhtasari mbele ya watu wote.

## Hatua ya 7: Andika pingamizi

Kurasa nne zinatosha. Barua iende kwa Mkurugenzi Mkuu wa NEMA, nakala kwa ofisi ya kaunti, ikitaja jina kamili la mradi kama lilivyo kwenye tangazo. Kila hoja iwe na vipande vinne: ukurasa, kosa, ushahidi, ombi. Mfano wa hoja moja:

> *Ukurasa wa 84 unasema hakuna uvuvi katika eneo la kumwaga tope. Si kweli. Eneo hilo lina miamba mitatu inayotumiwa na vyombo 26 vya BMU yetu (Kiambatisho A, ramani, Kiambatisho B, orodha ya vyombo na upatikanaji wa samaki wa miezi minne). Tunaomba leseni isitolewe hadi eneo jingine lichunguzwe kwa misimu ya kusi na kaskazi.*

Nambari hizo ni za mfano, weka zako. Hoja moja ya namna hii ina uzito kuliko kurasa tatu za "sisi wananchi tunalaani vikali".

Katika aya ya mwisho omba NEMA iitishe kikao cha hadhara cha kusikiliza maoni. Taja pia kifungu cha 42 cha Katiba, haki ya mazingira safi na salama, na cha 70, ambacho hakikudai uthibitishe kwamba umeshapata hasara ndipo ulalamike. Kwa nini? Maana jibu la kwanza mtakaloambiwa ni kwamba hamjadhurika bado.

Peleka kwa mkono na kwa barua pepe siku hiyohiyo.

Umefaulu ukiwa na nakala yenye muhuri, tarehe na jina la aliyepokea. Bila muhuri, chukulia kwamba hukupeleka kitu.

## Hatua ya 8: Leseni ikitoka hata hivyo

Sasa tafuta wakili, na faili yako iwe kwapani. Mashirika yanayosaidia jamii kwa kesi za mazingira yapo. Waulize waliopita njia hii Lamu.

Rufaa ya NET ni ndani ya siku 60. Usidhani trekta zitazimwa kwa kuwa umekata rufaa: omba amri ya kusimamisha kazi, kwa maandishi, pamoja na rufaa yenyewe. Hukumu ya NET isiporidhisha, kuna siku 30 za kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Na msiweke matumaini yote kwenye fidia. Wakazi wa Lamu walifungua kesi ya bandari mwaka 2012. Hukumu ya Mahakama Kuu ya Malindi ilitoka 2018, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Ni ushindi mkubwa, hakuna anayebisha. Ila ulikuja wakati kazi ya bandari ikiwa imeshaendelea, na mwamba uliochimbwa haurudishwi na hundi.

## Hatua ya 9: Ipe bahari yenu jina kwenye karatasi za serikali

Hatua hii ndiyo ya mwisho hapa, lakini kama hakuna mradi mlangoni, anzeni nayo.

BMU inaweza kutenga eneo lake, tengefu kama wanavyoliita Kuruwitu kule Kilifi. Wao walianza na hekta 30 tu, na mwaka 2017 wakapata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Kama kijiji hakijakubaliana kufunga daima, anzeni kwa kuufunga mwamba wa pweza miezi michache, kisha mfungue kwa pamoja siku ya bamvua. Watu wakiona pweza wa siku hiyo, mkutano unaofuata huwa mfupi.

Utaratibu wenyewe: mkutano mkuu wa BMU wenye muhtasari uliosainiwa, ramani ya mipaka, sheria ndogo zinazosema nani haruhusiwi nini na faini ni kiasi gani, mpango wa usimamizi, kisha vyote vipelekwe kwa afisa wa uvuvi wa kaunti viidhinishwe. Msifunge eneo la akina mama bila wao kuwa mezani, na msikubali mfadhili awachoree mpaka. Anayechora ndiye atakayeulizwa siku mtu akitaka kuusogeza.

Kuna njia nzito zaidi. Sheria ya mazingira ya 1999, kifungu cha 54, inampa waziri uwezo wa kutangaza sehemu ya bahari kuwa mazingira yaliyolindwa. Hifadhi za KWS, shirika la serikali la wanyamapori, nazo zipo, kama Kiunga iliyotangazwa 1979. Fahamuni tofauti kabla ya kuomba: katika mbuga ya baharini hakuna kuvua kabisa, lakini katika hifadhi uvuvi wa asili unaruhusiwa. Kijiji kilichoomba ulinzi bila kuuliza swali hilo kinaweza kujikuta nje ya uzio wake chenyewe.

Karatasi zikishaidhinishwa, chukueni ramani ya tengefu mkaipeleke ofisi ya NEMA ya kaunti, mgongewe muhuri kwenye nakala yenu, na muulize inawekwa faili gani. Mshauri wa mradi ujao atakapoandika kwamba eneo halina umuhimu wowote, mtakuwa na tarehe ya kumwonyesha.